Sungura wawili ndani ya nyumba ya kupanga Sakina: nianzie wapi?

mama_nai (Sakina, Arusha)

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, wengine mambo vipi.

Mjomba wa watoto anafuga sungura wa nyama huko Ngaramtoni. Juzi kaja na boksi la biskuti, ndani sungura wawili wa miezi kama mitano, mmoja mweupe, mwingine wa kahawia, eti zawadi ya watoto kwa kufunga shule. Kabla hajamaliza chai yake wanangu walishawapa majina, Pamba na Kahawa, kwa hiyo habari ya kitoweo imeishia hapo hapo.

Tumepanga, vyumba viwili na sebule, geti moja na wapangaji wengine. Nje siwezi kuwaweka. Kuna mbwa wa mwenye nyumba anayefunguliwa usiku, kuna paka wa jirani, na kuna vijana wa nyumba ya nyuma ambao sungura mnene hapiti mbele yao akabaki salama. Watakaa ndani. Mwenye nyumba kakubali kwa sharti moja tu, asisikie harufu.

Nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea pale Mbauda, ananishawishi tundu la wavu la ghorofa mbili. Bei yake inakaribia kodi yangu ya mwezi. Lina maana au natupa hela? Kwa sasa wanalala kwenye boksi lao na wamejichagulia choo wenyewe, kona ya nyuma ya kochi. Jana mkojo wa Pamba ulikuwa wa rangi ya chungwa iliyokolea, karibu na damu, nikashtuka. Huyu Kahawa naye kinyesi kimekuwa laini, kinamganda nyuma kwenye manyoya. Nawapa karoti, kabichi za Soko la Kilombero na peleti za dukani, wanakula vizuri sana.

Halafu nyaya. Ya chaja imeshakatwa, ya king'amuzi inanusurika kwa maombi. Na hii baridi ya Julai, asubuhi sakafu ya vigae haikanyagiki bila soksi, sijui wao wanaichukuliaje.

Mjomba kanihakikishia wote ni majike, kwa hiyo upande huo nina amani.

chalii_wa_mbauda

Pole mama mkubwa. Niliposoma "sungura" na "ndani" nilijua unauliza habari ya sufuria. Mjomba hajakosea kitu, nyie ndio mmeharibu kwa kuwapa majina 😀

msabato_halisi

Chalii, kuna wengine huyo mnyama haingii jikoni kwetu hata kwa bahati mbaya. Walawi 11:6. Mama Nai, wafuge kwa amani.

mama_cherehani (Rau, Moshi)

Mama Nai, hujambo mwanangu. Hao waache na masufuria yao. Mimi nashonea nyumbani hapa Rau, na chini ya meza ya cherehani wanaishi sungura wawili, Mwenyekiti na Katibu. Walikuja mjukuu wangu mkubwa hajaanza shule, sasa yuko darasa la tano.

Hela ya tundu usiitoe. Mguu wa sungura kwa chini hauna ule mto mgumu wa paka au mbwa, ni manyoya tu juu ya ngozi. Akikaa juu ya waya kutwa kucha kisigino kinachubuka, kinatoka kidonda, na kukiponya ni kazi. Wafugaji wa nyama wanapenda sakafu ya wavu kwa sababu kinyesi kinadondoka chini na mnyama anachinjwa mapema, kidonda hakimkuti. Wa kwako akitunzwa anafika miaka minane, hata kumi.

Chukua kona ya sebule uizungushie uzio. Kule Uingereza, ambako sungura wa nyumbani ni jambo la kawaida, wanashauri mita 3 kwa 2 kwa sungura wawili, na iwe yao mchana na usiku, si kutembezwa kwa muda wa saa moja tu kisha kifungoni. Sebule yangu haikuwa na nafasi hiyo bila kutoa kabati la vyombo. Nikalitoa. Baba yao alinung'unika mpaka akazoea. Uzio wenyewe ni wavu mgumu wa mraba, yule yule fundi wako wa Mbauda akukatie vipande, apige msasa kwenye ncha, unaviunga kwa vibano vya plastiki vya kufungia nyaya. Kimo kifike kiunoni kwako.

Ndani weka boksi gumu, lile la sabuni ya mche, utoboe milango miwili. Mmoja hautoshi. Sungura haamini shimo lenye njia moja, na wakizozana mmoja anabanwa humo. Wakilitafuna likaisha, dukani yako mengine.

Vigae ubaya wake ni utelezi kuliko baridi. Miguu inamkimbia pande zote, nyonga zinateseka, na sungura mwoga wa sakafu anakaa sehemu moja kutwa mpaka ananenepa. Tandika mkeka wa ukili, ule wa kawaida kabisa. Atautafuna, ndiyo, mwache, ni majani tu. La kuogopa ni kapeti la nyuzi za plastiki, maana sungura hawezi kutapika, akishameza kitu lazima kisafiri hadi mwisho, na nyuzi zinaweza kuziba njiani. Ndiyo sababu mimi hapa kila nikiinuka kwenye cherehani nafagia vipande vya uzi, hata kama naenda kuepua chai tu.

Baridi ya Sakina wanaiweza kuliko wewe. Wasichoweza ni unyevu na ule upepo wa chini ya mlango, kwa hiyo pale ziba kwa kanga iliyokunjwa. Sisi wa Moshi ndio wenye shida, Januari mpaka Machi nyuzi 30 na zaidi si ajabu, na sungura anaanza kuteseka kwenye 28 hivi. Hatoi jasho, joto analitolea masikioni. Msimu huo nagandisha maji kwenye chupa ya soda, naivalisha soksi kuukuu, naiweka chini. Mwenyekiti anailalia ubavu mzima.

Sasa choo, ambacho ndicho mwenye nyumba wako anakisubiri. Sungura hakojoi ovyo, anachagua kona, na ukibishana naye juu ya kona utashindwa. Chukua beseni pana la chini, liweke pale pale nyuma ya kochi alipochagua. Chini magazeti mazito, juu nyasi kavu nyingi, na zile nyasi safi za kula ziwekee upande mmoja wa beseni hilo hilo, au zining'inize juu yake kwenye kikapu. Sungura anakula huku anakunya, hiyo ndiyo siri yote. Siku ya kwanza tupia humo gazeti lililolowa mkojo wake na punje chache za kinyesi, ataelewa. Kinyesi kikavu hakina harufu ya maana, kinachonuka ni mkojo uliolala. Mimi nabadilisha kila asubuhi kabla wateja hawajaja. Ule utando mweupe unaoganda chini ya beseni ni chokaa ya kwenye mkojo, sabuni haiutoi, mwagia siki uiache kidogo, utabanduka wenyewe.

Usiende kuomba maranda kwa seremala. Mengi ni ya msonobari na saiprasi, na ile harufu nzuri unayoisikia wewe si nzuri kwa mapafu ya mnyama anayelala pua ikiwa humo humo. Pumba za mpunga nilizichukua mashineni nikaona vumbi lake, nikawapa kuku wa jirani.

Rangi ya chungwa usiiogope. Mkojo wa sungura unaweza kuwa mweupe kama maziwa, wa njano, hata wa wekundu wa kutu, kutegemea alichokula. Ukiona matone ya damu yamejitenga na mkojo wenyewe, au anajikamua bila kutoa kitu, hapo mpeleke kwa daktari.

Ya Kahawa ndiyo ya kushughulikia. Sungura ana vinyesi vya aina mbili. Kuna punje kavu unazoziona, na kuna laini, chenye kunata, ambacho anakichukua mwenyewe nyuma kwa mdomo na kukila, mara nyingi usiku. Si uchafu huo, ni chakula kinachopita mara ya pili kupata vitamini. Akijazwa sukari na wanga anakiacha, kinamganda. Karoti ina sukari nyingi, hizo picha za sungura na karoti zimetuponza wengi. Mpe kipande cha kidole mara mojamoja, mwite nacho aje mkononi. Peleti, vijiko viwili vya chakula kwa siku kwa sungura mkubwa. Kabichi iache kwanza, tumbo litulie. Kinachobaki, yaani karibu kila kitu, ni nyasi kavu. Kila siku fungu lenye ukubwa wa mwili wake, na lisiishe usiku. Meno yake hayaachi kuota maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kwa masaa. Peleti inavunjika mara moja tu mdomoni, haisagi kitu.

Majani mabichi yaanike kwanza mpaka yanyauke. Jani la umande linavimbisha tumbo.

Na nyaya: nunua ile paipu nyeupe ya plastiki ambayo fundi umeme anapitishia waya ukutani. Ichane kwa kisu upande mmoja, mwanzo mpaka mwisho, halafu ufungue kidogo kidogo kwa vidole huku unaingiza waya, inajifunga yenyewe. Mshono uutazamishe ukutani. Nyingine pandisha juu. Kwa king'amuzi fanya leo, waya wenye umeme unaua.

mifugo_tengeru

Dada Mama Nai, mimi ni afisa mifugo, zaidi ng'ombe na kuku, ila sungura nao naletewa. Mama wa Rau kasema karibu yote, naongeza machache, na moja namkosoa kwa heshima.

Umande si tatizo. Sungura porini anakula alfajiri, nani anamwanikia? Tatizo ni majani yaliyokatwa, yakasindiliwa kwenye kiroba, yakalala humo. Ukitia mkono katikati unasikia moto. Hayo yameanza kuchacha, yakiingia tumboni gesi inajaa. Kata ya leo, tandaza, toa ya leo. Lingine la kuogopa ni majani yaliyochumwa palipopita sungura wengine au mbwa, na kando ya kahawa iliyopuliziwa dawa.

Muhimu kuliko yote kwa eneo letu: majani ya parachichi ni sumu kwa sungura, yanashambulia moyo. Huku kila ua lina mti, na mtoto anachuma tu tawi bichi anampelekea rafiki yake. Waambie watoto leo. Weka pamoja na hayo majani ya nyanya, ya viazi mviringo, mnyonyo, na lile ua la uzio la lantana. Wape badala yake mabingobingo, kishonanguo kabla hakijatoa miiba, matembele, majani ya karoti, giligilani. Kama kuna mforosadi jirani omba matawi, majani watakula na gome watalimenya. Jani jipya lianze kidogo, moja moja, uone kinyesi.

Sungura akipitisha masaa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura, usisubiri "tuone kesho". Tumbo lake likisimama halijiwashi lenyewe. Na tafadhali, usichukue amoksilini ya watu kabatini ukampa. Kwa mdomo inaua bakteria wazuri wa utumbo, wabaya wanashika nafasi, anaharisha na kufa. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil nayo usimpake kamwe. Masikio yakitoa magamba kwa ndani ni utitiri, zipo sindano za ivermectin, ila kipimo akiweke daktari baada ya kumpima uzito.

Kwa kuwa wametoka kwenye banda la wengi, peleka kinyesi kikaangaliwe kwa hadubini. Kokisidia, vimelea vya tumboni, inapenda sungura wadogo. Kupima kwanza, dawa baadaye.

Hilo la mjomba kwamba wote ni majike mimi siliamini mpaka nione. Kaa chini sakafuni, mgongo wa sungura uegemee tumbo lako, mkono mmoja ukiwa umebeba makalio yake. Usimnyanyue kwa masikio, na usimwache miguu ya nyuma ikining'inia. Akipiga teke hewani ana nguvu ya kuvunja uti wake mwenyewe. Bonyeza taratibu kwa vidole viwili kandokando ya tundu la mbele. Jike unaona mpasuo. Dume kinachomoza kitu cha mviringo chenye tundu katikati. Kwa miezi mitano korodani nazo huonekana, mbili, ndefu, kila moja upande wake, ila akiogopa anaweza kuzivuta ndani. Kutoziona si ushahidi.

mama_cherehani (Rau, Moshi)

Asante mwanangu wa Tengeru. Nitaendelea kuanika, lakini nimekusikia.

mama_nai (Sakina, Arusha)

Jamani. Pamba ni dume. Hakuna hata haja ya kubonyeza, vyote viwili viko wazi, na mwanangu mdogo kauliza kwa sauti mbele ya jirani ni nini kile.

Nimewauliza watoto kama wamewahi kuwaona wakipandana, wakanijibu "ndiyo mama, wanacheza farasi, kila siku". Nimempigia mjomba, kacheka mpaka akakata simu.

Mengine yanaendelea. Beseni limefanya kazi, nyuma ya kochi pakavu, na ile paipu ya umeme imeingia kama nilivyoelekezwa, ingawa vidole vinauma. Kahawa kasafishika baada ya kuacha karoti na kabichi. Lakini sasa Kahawa akiwa tayari ana mimba? Nafanyaje? Na huyu Pamba namhasi wapi?

mifugo_tengeru

Watenganishe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mimba ya sungura ni siku 31, mara nyingine 30 au 32, kwa hiyo hesabu kuanzia leo. Zikipita 32 bila kitu umepona. Daktari mzoefu anaweza kumpapasa tumbo kati ya siku ya 10 na ya 14 akakwambia, wewe usijaribu, unaweza kuharibu.

Kwa kuwa hatujui alishika lini, Kahawa awe na sanduku la kuzalia mapema, dogo tu, aweze kugeuka ndani yake, limejaa nyasi kavu laini. Ukimwona anajing'oa manyoya ya kifuani na kubeba nyasi mdomoni, hajaumwa, anatandika. Watoto watazaliwa vipofu, bila manyoya. Mama ananyonyesha mara moja kwa siku, pengine mbili, dakika chache tu, kisha anaondoka. Watu wengi wanadhani kawakataa, wanaanza kuwapa maziwa ya ng'ombe, wanawaua. Angalia matumbo asubuhi: ya mviringo yaliyojaa, wamenyonya. Ukiona yamesinyaa na ngozi ina makunyanzi, tafuta daktari.

Pamba asirudi karibu naye hata akishazaa. Jike anaweza kushika mimba nyingine saa chache baada ya kujifungua.

Kuhasi, piga simu kabla ya kumbeba, maana si kila daktari wa mifugo anayekubali kumlaza sungura kwa dawa ya usingizi. Muulize kama amewahi kufanya sungura, halafu muulize alale njaa kuanzia saa ngapi. Akikuambia asile tangu jana yake kama mbwa, tafuta mwingine. Sungura hatapiki, hivyo hakuna sababu ya kumnyima chakula, na tumbo tupu kwake ndiyo hatari. Nenda na nyasi zake, ale akiamka. Na baada ya hapo bado ana mbegu mwilini, mpe wiki sita ndipo umrudishe kwa jike. Kahawa naye baadaye akitolewa kizazi ni vizuri zaidi, majike wanaoachwa nacho wanapata sana saratani ya kizazi wakizeeka.

mama_cherehani (Rau, Moshi)

Naongeza la uzio tu. Usimpeleke Pamba chumba kingine wakasahauliana, siku ya kuwarudisha watararuana. Gawa ile kona kwa wavu katikati, na uweke safu mbili zenye nafasi ya kiganja kati yake, maana dume hashindwi kufanya kazi yake penye tundu pana. Kila baada ya siku kadhaa badilishana mikeka yao, kila mmoja azoee harufu ya mwenzie. Chakula wape kwa wakati mmoja, pande zote mbili za wavu.

Na nyasi kavu usinunue kwa fungu la sokoni, utafilisika. Ulizia robota zima la zile zinazofungwa West Kilimanjaro, nyasi za aina ya Rhodes. Ligawane na mtu mwenye mbuzi, liweke juu ya mbao, lisiguse sakafu. Likinusa ukungu, hilo la mbuzi pia si la kumpa.